Ngoja, kunywa, panda: kuunda amri za Kihispania kwa vitenzi vya kawaida

Ukisimama mbele ya Fort Jesus na kundi la wageni kutoka Hispania, maneno unayoyahitaji mwanzo si majina ya vitu. Unahitaji amri: ngojeni hapa, pandeni ngazi polepole, inamisha kichwa, vueni viatu mlangoni. Mwenye maneno hamsini ya Kihispania lakini anajua kuunda amri atafanya kazi vizuri kuliko mwenye maneno mia tano asiyejua.

Na hapa Mswahili ana mtaji ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza havimwambii. Tazama: "soma" ni amri, "usome" ni ombi lenye adabu. Irabu ya mwisho imetoka a ikawa e. Kihispania kinafanya jambo hilohilo: "espera" ni ngoja, unayomwambia rafiki, "espere" ni ungoje, unayomwambia mtu wa kuheshimiwa. Kwa hiyo usianze kwa kukariri majedwali. Anza na ile irabu.

Kabla ya kugusa kitenzi, amua kwanza unazungumza na nani. Kwetu heshima hubebwa na shikamoo, na kuita mtu mama, baba au bi, na kutanguliza "naomba" au "tafadhali". Kihispania kina hayo pia, lakini heshima inaingia hadi ndani ya kitenzi. "Tú" ni wewe wa rafiki, wa mtoto, wa rika lako. "Usted" ni wewe wa heshima: mzee, mteja, afisa, mtu usiyemjua. Neno hilo limetokana na "vuestra merced", namna ya kale ya kumwita mtu mtukufu, na ndiyo maana kitenzi chake hukaa kama unamzungumzia yeye, si wewe. "Ustedes" ni ninyi. Hispania wana ninyi nyingine, "vosotros", ya watu waliozoeana. Wahispania wengi wa leo huitana "tú" upesi sana, hata dukani. Hata hivyo aliye kazini aanze na "usted". Mgeni akikuambia mwenyewe umwite "tú", badilisha. Kuanza chini kisha kupanda juu ni vigumu zaidi.

Sasa kitenzi. Kitenzi-jina cha Kihispania huishia kwa -ar, -er au -ir. Makundi ni hayo matatu tu. Tuchukue esperar (kungoja), beber (kunywa) na subir (kupanda). Kata herufi mbili za mwisho. Unabaki na mizizi: esper-, beb-, sub-. Kisha rudisha irabu hivi:

Kwa tú: espera, bebe, sube.
Kwa usted: espere, beba, suba.
Kwa ustedes: esperen, beban, suban.

Soma mistari hiyo kwenda chini, usiisome kwa upana. Kitenzi cha -ar kina a kwa rafiki na e kwa heshima, sawasawa na soma na usome. Vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume: e kwa rafiki, a kwa heshima. Yaani irabu hubadilishana viti. Kama kitenzi kilizaliwa na a, heshima yake ni e. Kama hakikuzaliwa na a, heshima yake ni a. Ukilishika hilo, umeshika sehemu kubwa ya somo.

Wingi nao ni mwepesi. Kiswahili huongeza -ni: soma, someni. Kihispania huongeza n peke yake juu ya umbo la heshima: espere, esperen. Angalia mahali ulimi wa pwani unapoteleza: maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo kinywa hutaka kumalizia na i ndogo, "espereni". Mhispania ataelewa pengine, lakini itamchukua muda. Funga neno kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno na uiache hapo. Jizoeze na "esperen aquí" kwa pumzi moja, kwa sababu a ya neno linalofuata itaibeba ile n na hutapata nafasi ya kuongeza i.

Kosa linalofanywa zaidi ya yote ni kudhani e ndiyo irabu ya adabu kwa kila kitenzi, kwa kuwa Kiswahili kimetuzoeza hivyo. Mtu anamletea mzee wa miaka sabini dafu na kumwambia "bebe", akidhani amemheshimu. Kumbe amemwambia kama mtoto. Zaidi ya hayo, "bebé" yenye mkazo mwishoni ni mtoto mchanga. Sema "beba": beba el agua de coco. Neno hilo linafanana na letu la kubeba mzigo, na kwa sababu hiyohiyo halisahauliki. Vilevile "coma" kwa heshima na "come" kwa rafiki, kutoka comer, kula. Ukimkaribisha mgeni viazi karai na ukwaju, ni "coma", na wakiwa wengi ni "coman".

Kuna na sisi sote: tusome, tupande, twende. Hapa pia Kihispania kinafuata njia yetu, kwa maana kinatumia irabu ileile ya heshima na kuongeza -mos: esperemos, bebamos, subamos. Jihadhari na "esperamos" na "subimos", ambazo ni taarifa tu kwamba tunangoja, tunapanda. Irabu moja ndiyo inayotenganisha taarifa na mwaliko. Kwenye mazungumzo ya kila siku watu wengi husema "vamos a subir" badala ya "subamos". Mwenye haraka aitumie hiyo kwanza.

Vosotros haihitaji muda mrefu. Chukua kitenzi-jina, ondoa r, weka d: esperad, bebed, subid. Utawasikia Wahispania wenyewe wakisema "esperar aquí" kwa kundi la marafiki, bila d. Elewa wanachosema, ila usikiige, maana wasomi wao hulihesabu kuwa kosa. Kwenye vibao ni jambo jingine: kitenzi-jina kinakubalika kabisa, kama "empujar" (sukuma) kwenye mlango. Amerika ya Kusini na ya Kati hawatumii vosotros. Kwao ninyi ni ustedes tu, awe ndugu au waziri. Kwa hiyo ukijua "esperen" unaeleweka kote, na d unaweza kuiacha ije baadaye.

Muargentina au Muuruguai ana wewe wake wa tatu, "vos". Amri yake ni kitenzi-jina bila r, mkazo ukiwa mwishoni: esperá, bebé, subí. (Naam, huyu ndiye anayesema "bebé" akimaanisha kunywa.) Si lazima uitumie. Inatosha usishtuke ukiisikia.

Mkazo unastahili kukaliwa kitako, maana ndipo Mswahili anapofaidika kisha akaharibu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: SO-ma, so-ME-ni. Kihispania hufanya hivyo pia kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s. Kwa hiyo es-PE-re, BE-ba, SU-ban zitatoka sawa bila kufundishwa. Ni bahati kubwa, kwa sababu mkazo ukihamia mwishoni maana inageuka: "compre" ni nunua, "compré" ni nilinunua; "pague" ni lipa, "pagué" ni nililipa. Usitake kuwa na mgeni mabishano ya nani amelipa kwa sababu ya silabi moja.

Uharibifu unakuja pale amri inapobeba mtu. Sisi tunamweka mtu mbele: ni-subiri, ni-saidie, tu-fuate. Kihispania, katika amri ya kukubali, humweka nyuma na kumgandisha: espéreme (unisubiri), ayúdeme (unisaidie), llámeme (unipigie simu), acompáñenos (ufuatane nasi). Neno limerefuka, lakini mkazo haukuondoka pale ulipokuwa. Es-PE-re-me. A-YU-de-me. YA-me-me. Mazoea ya Kiswahili yatausukuma mbele, kama so-ME-ni ilivyousukuma, na utajikuta unasema "es-pe-RE-me". Hilo ndilo kosa la Mswahili hasa. Dawa yake ni ya kidole: gonga meza mara moja kwenye silabi ya mkazo ukisema "espere", halafu sema "espéreme" na ugonge palepale. Kidole kisihame. Ile alama ndogo juu ya é imewekwa kwa kazi hiyo, kuonyesha kwamba mkazo umebaki nyuma kuliko ilivyotarajiwa. Ukiandika ujumbe wa WhatsApp usiiache.

Ukibeba vitu viwili, mtu hutangulia kitu: mándeme (unitumie), mándemelo (unitumie hicho). Kwa dereva wa tuktuk anayengoja kujua hoteli iko wapi, "mándeme la ubicación" ni sentensi ya kuiweka tayari kwenye simu. Kwa wingi, n hubaki na kitenzi chake wala haisogei mwisho: acompáñenme, si "acompáñemen". Na haya yote ni ya amri ya kukubali peke yake. Ukikataza, kila kitu hupangwa upya, na hilo ni somo la siku nyingine.

Vitenzi vya kujitendea huenda kwa njia hiyohiyo, vikibeba te kwa tú na se kwa usted na ustedes. Quitarse ni kuvua: quítate, quítese, quítense. Kwenye jahazi au kwenye mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe utasema "quítense los zapatos, por favor". Ukiona ulimi unakwama, sema "dejen los zapatos aquí", acheni viatu hapa. Maana ni ileile na hakuna cha kugandisha. Chombo kikianza kuyumba sema "agárrense bien", shikeni sana, na ile rr uitetemeshe vya kutosha.

Matamshi mengine yanahitaji maneno machache tu, kwa kuwa mtu wa pwani ana karibu sauti zote. H haitamkwi: hable ni "a-ble". J ni kh ya masalkheri: baje (shuka) ni "ba-khe", na deje ni "de-khe". G mbele ya e au i ni kh hiyohiyo: gire (geuka) ni "khi-re". Ll ni y, na ñ ni ny. V na b ni sauti moja. C mbele ya e au i, pamoja na z, ni th ya thelathini katika sehemu kubwa ya Hispania, na ni s kwa Amerika ya Kusini. Chagua moja ushikamane nayo.

Kutokana na sauti hizo unazaliwa ubadilishaji wa herufi ambao wengi huudhania ni ukaidi wa lugha. Pagar, kulipa: kwa tú ni "paga". Kwa usted tunahitaji e, lakini tukiandika "page", g itageuka kh. Basi huwekwa u ya kulinda sauti: pague, isomwe "pa-ge", si "pa-gwe". Sacar, kutoa: saca, kisha saque, "sa-ke". Cruzar, kuvuka: cruza, kisha cruce. Sauti ya mzizi haijabadilika hata kidogo. Ni herufi zimevaa nguo nyingine. Hesabu vitenzi hivi kuwa vya kawaida, na ukumbuke kwamba vinavyoishia -gar, -car na -zar hubadilika mbele ya e peke yake.

Vitenzi visivyofuata kanuni vipo, kama Kiswahili kinavyokuwa na njoo, nenda na lete. Kihispania kina vinane kwa tú: di, haz, ve, pon, sal, sé, ten, ven. Kuna na vingine vingi ambavyo mzizi wao hugeuka katikati, kama probar (kuonja) unaotoa "pruebe". Usivikimbilie mapema. Njia ya kazi ni kutafuta kitenzi cha kawaida kinachofanya kazi hiyohiyo. Badala ya mostrar tumia enseñar: "enseñe su billete", onyesha tikiti yako. Badala ya volver tumia regresar: "regresen a las cuatro". Badala ya kuhangaika na "siéntese" sema "tome asiento", ambayo ni tamko la adabu kuliko hata hiyo iliyokushinda. Badala ya "venga" sema "pase, pase", na hapo umesema karibu ndani kama wanavyoisema wao. Ya kuepuka kabisa ni coger. Hispania ni kushika au kuchukua, na hutamkwa kutwa nzima. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini ni tusi la chumbani. Tomar inafanya kazi kote: tome.

Maelekezo ya barabarani yana mtego mmoja. "Derecha" ni kulia. "Derecho", kwa watu wa Amerika ya Kusini, ni moja kwa moja. Ukimwambia mgeni "camine derecho" ukitaka aende kulia, atanyoosha Moi Avenue hadi azipite pembe za ndovu. Mwambie "doble a la derecha" au "gire a la derecha", umalize neno kwa a iliyo wazi. Kwa kunyoosha, Wahispania husema "recto": camine recto.

Kumbuka pia kwamba huenda tayari unazo amri mdomoni bila kujua. "Disculpe" na "perdone", za kusema samahani, ni amri za usted kutoka disculpar na perdonar. "Mire" ni tazama. "Permítame" ni niruhusu, kutoka permitir. Ukimwomba radhi rafiki inakuwa "disculpa", kwa irabu ya rafiki. Kwa hiyo neno hilo moja, disculpa na disculpe, laweza kuwa kipimo chako kila unaposahau upande upi ni upi.

Na majina ya kuunganisha na amri, mengine yamo kwenye Kiswahili tangu enzi za Wareno, walioijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 chini ya mfalme aliyetawala Ureno na Hispania kwa pamoja. Meza ni mesa, bendera ni bandera. "Limpie la mesa", safisha meza, haikuhitaji kamusi isipokuwa kwa limpiar.

Sasa jaribu bila kutazama juu. Andika kwenye karatasi, kisha usome kwa sauti ukigonga kidole. Mzee mmoja: nunua tikiti hapa (comprar, la entrada). Kijana rafiki yako: fungua mlango (abrir, la puerta). Kundi: vukeni barabara (cruzar, la calle). Bibi mmoja: unipigie kesho (llamar, mañana). Kundi: lipeni hapa (pagar). Wewe na wao: tushuke (bajar). Kundi: someni hiki kibao (leer, este letrero).

Majibu: Compre la entrada aquí. Abre la puerta. Crucen la calle. Llámeme mañana. Paguen aquí. Bajemos. Lean este letrero.

Uliyeandika "abra" kwa rafiki hukukosa sarufi, umemheshimu tu kupita kiasi. Uliyeandika "cruzen" sauti yako ni sahihi na herufi ndiyo yenye kasoro. Irekebishe kwenye maandishi, barabarani utaeleweka. Uliyeandika "leen" umesema wanasoma: leer ni wa -er, kwa hiyo heshima yake ni a. Na kama kidole chako kiligonga kwenye -me- ya kwanza ya "llámeme", rudia YA-me mara kumi kwanza, ndipo uiongeze ile me ya pili, laini, kama mkia unaoburuzwa.